Ngong Ilipendeza, Lakini Je, Filamu Ilistahili?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini katika biashara ya sinema methali hii haifui dafu, kwani huko kizuri na kibaya vyote hutembezwa, tena kwa tarumbeta. Ndiyo maana kila mwaka, tuzo za Oscar zikisha kutolewa huko Marekani, wapenzi wa sinema hubaki wakibishana: je, filamu iliyoitwa bora kuliko zote ilistahili kweli?

Mimi nina kipimo changu, nacho si kigumu. Filamu inayostahili tuzo kuu ni ile ambayo kila mtu aliyemo ni mtu kamili, mwenye haja zake na hofu zake, hata akiwa ni mtumishi wa kuleta chai. Ile inayowageuza watu kuwa mapambo na ipewe tuzo ya upigaji picha, itosheke.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Mwezi Machi 1986, filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kupigwa humu nchini, ilinyakua Oscar saba, ikiwemo ile ya filamu bora. Wengi wetu tulifurahi, kana kwamba tuzo ilikuwa yetu. Sikatai kwamba vilima vya Ngong vilipendeza, na muziki wa John Barry ulistahili kila sifa uliyopata. Meryl Streep naye aliigiza kwa ustadi mkubwa.

Lakini hebu tuwatazame wenyeji. Farah, aliyeigizwa na Malick Bowens, anasimama wima mwenye heshima na busara, nasi twatamani kujua anawaza nini. Kamante, kijana mwenye kidonda mguuni, anatibiwa na baadaye anakuwa mpishi. Wote wawili twawaona kwa macho ya bibi mwenye shamba tu. Mwishoni Karen anampigia magoti gavana ili Wakikuyu wa shambani wapate mahali pa kukaa. Ni tendo la huruma, lakini wale ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya mkahawa wa kwanza kupandwa hawana mdomo katika shauri hilo. Wanaombewa, hawasemi.

Wengine watanijibu kwamba filamu ilitokana na kumbukumbu za Karen Blixen mwenyewe, alizozitoa kitabuni mwaka 1937, kwa hiyo ni haki tuone kwa macho yake. Jawabu langu ni filamu iliyoshindana nayo mwaka ule ule, The Color Purple ya Steven Spielberg. Hiyo nayo inafuata maisha ya mwanamke mmoja, Celie, anayemwandikia Mungu barua. Hata hivyo, kila anayepita mbele yake ana uzito wake. Sofia, aliyeigizwa na Oprah Winfrey, anakataa kuwa mtumishi wa mke wa meya, anafungwa jela, kisha anaishia kumtumikia bibi yule yule. Hata mume katili anayeficha barua za Nettie twaona jinsi baba yake alivyomharibu.

Najua Spielberg aliitia filamu ile sukari kupita kiasi. Lakini iliteuliwa kuwania tuzo 11, sawasawa na Out of Africa, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa maoni yangu, tuzo kuu ya mwaka ule ilikosea njia.

Sisemi kwamba waamuzi wa Oscar hukosea siku zote. Tarehe 10 Aprili 1968, siku sita baada ya Martin Luther King kuuawa, waliipa tuzo kuu In the Heat of the Night. Wengi wanakumbuka tajiri wa pamba anavyomzaba kofi Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi aliyeigizwa na Sidney Poitier, naye Tibbs akamrudishia papo hapo. Lakini mimi naisifu zaidi kwa sababu Gillespie, mkuu wa polisi Mzungu mwenye ubaguzi, naye ana nafsi: twamkuta nyumbani kwake akinywa pombe, mpweke, hana wa kumtembelea. Hapo hakuna pambo.

Na mwaka 2014 walipoichagua 12 Years a Slave ya Steve McQueen, hawakukosea. Sisemi hivyo kwa sababu Lupita Nyong'o ni wetu. Mtazame Patsey anapotetea kipande chake cha sabuni: mtumwa anayechuma pamba kuliko wanaume wote, naye anataka tu awe safi. Hadithi ni ya Solomon Northup, lakini kwa dakika zile ni ya Patsey. Hiyo ndiyo kazi ya filamu bora.

Kuna watakaosema kwamba Out of Africa ilituletea watalii, na kwamba nyumba ya Blixen iligeuzwa jumba la makumbusho mwaka ule ule wa 1986. Ni kweli, na waliopata riziki kwayo wameipata kwa halali. Lakini kuleta watalii ni sifa ya tangazo, wala si sifa ya sanaa. Hatari ni sisi kuzoea kujivunia kwamba nchi yetu imeonekana, tusiulize kama watu wake nao walionekana.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aitazame tena filamu ile, lakini safari hii aviache vilima na ndege, amtazame Farah.