Mafuta ya funza kwa mbwa: tusicheke, tuulize wamelishwa nini

Wiki iliyopita nilisema redioni kwamba Ulaya kuna chakula cha mbwa na paka kinachotiwa mafuta ya wadudu. Simu zikalia. Papa mmoja wa Katuba alinigombeza: umeme unakatika kila siku, na wewe unatuletea funza wa mbwa! Nikamwuliza jioni atakula nini. Bukari na vinkubala.

Basi aibu ya wadudu si ya kwetu. Funza ninaowasema ni wa nzi mmoja mweusi anayeitwa nzi askari. Wanalishwa mabaki ya matunda na mboga, kwa wiki mbili tatu wananona, wanakaushwa, wanakamuliwa. Mafuta yao huganda kama ya nazi. Kenya (ile ya Nairobi, si ya soko letu) kampuni InsectiPro inawafuga Limuru. Purina ilitoa Uswisi mwaka 2020 krokete zenye funza hao.

Hapa kwetu mbwa si pambo, ni mlinzi wa lupango. Tunampa ukoko wa bukari na vichwa vya samaki. Wenye dola wa kartie Golf wananunua krokete zilizopita Kasumbalesa. Na pale soko la Kenya, nyanya na maembe yanaoza mpaka mvua inayasukuma kwenye mifereji. Tunalipa dola kwa mafuta ya mbwa, na chakula cha funza kinaziba mifereji yetu!

Lakini vijana mnaotaka kuanza kesho asubuhi, ngojeni. Funza huyu anakusanya mwilini kadmiamu iliyo katika chakula chake, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mji huu mwaka 1911. Moshi wake ulishukia udongo wetu. Wakaaji wa Penga Penga wanajua. Mboga iliyolimwa pale si chakula cha funza. Madini hayo hubaki zaidi katika unga kuliko katika mafuta, ndiyo maana nasema tuanze na mafuta. Unga usiopimwa usipewe kuku, kwa sababu kuku tunamla sisi. Unilu ina kitivo cha tiba ya wanyama: ipime, itangaze matokeo.

Paka ni mgumu zaidi. Mwili wake unahitaji mafuta fulani ya nyama na samaki ambayo funza hawa wanayo kidogo mno, kwa hiyo ndakala zake zibaki kwenye sahani.

Na mtu asije akanunua vinkubala vya msituni kuvikamulia mbwa. Miti inayovilisha inakatwa kila siku kuwa makala, na mama wanaoviuza sokoni wanalipia karo ya watoto kwa vikombe hivyo hivyo.

Ninachodai kwa meri ni kitu kidogo: pipa la mabaki ya matunda na mboga peke yake, mbali na plastiki na betri, sokoni Kenya. Papa wa Katuba, nangoja simu yako Jumamosi.