Kuiona Meli Si Kuilinda

Siku hizi mtu aketiye Mombasa aweza, kwa simu yake ya mkononi, kuiona meli iliyoko Ghuba ya Aden: jina lake, mwendo wake na bandari iendako. Tangu mwisho wa 2004, meli za ukubwa wa tani 300 na zaidi zisafirizo baina ya nchi na nchi zimelazimika kuwa na chombo cha kutangaza habari hizo kwa redio. Wako wadhaniao kwamba kwa hayo bahari imekwisha kupata mlinzi. Mimi sikubaliani nao.

Hebu tuitazame Aris 13, meli ndogo ya mafuta iliyopeperusha bendera ya Komoro. Uwezo wake ulikuwa tani 1,800, ilhali meli kuu za mafuta ghafi hubeba zaidi ya 200,000. Meli ndogo kama hiyo ikijaa, ubavu wake hubaki karibu mno na maji. Mwendo wake nao ni wa kobe. Haramia ahitaji mashua ya kasi na ngazi tu. Tarehe 13 Machi 2017, ikitoka Jibuti kwenda Mogadishu kwa njia ya mkato karibu na pwani ya Somalia, iliarifu kwamba mashua mbili zaifuata. Kisha ikageuzwa kuelekea Alula. Habari zilifika, msaada haukuwahi. Mabaharia wanane wa Sri Lanka waliachiliwa tarehe 16, bila kikombozi.

Tena chombo chenyewe huzimika. Nahodha mwema aweza kukizima akiwahofia maharamia, na mlanguzi hukizima ili afiche shehena yake. Atazamaye kioo atawatofautishaje?

Jambo hili latuhusu. Juni 2005 meli Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada, ilitekwa, na Wakenya waliokuwamo wakazuiliwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo nashauri kwamba kabla ya meli ndogo kuruhusiwa kung'oa nanga kuelekea kaskazini, wakuu wa bandari waulize maswali machache: ikijaa, ubavu wake u juu ya maji kiasi gani? Mwendo wake je? Itapita umbali gani kutoka pwani, na walinzi wamo? Wenye meli watanung'unika kwamba walinzi ni ghali, na kwa kweli ni ghali. Lakini baharia ana haki ya kuyasikia majibu hayo kabla hajatia saini mkataba wake.