Msasa wa Mwanasheria Mkuu uwe wa kweli

Kifungu cha 156 cha Katiba ya Kenya kinamtaka Rais ateue Mwanasheria Mkuu, kisha Bunge la Kitaifa limwidhinishe. Agosti 2024 Dorcas Oduor alipigwa msasa hivyo, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Kamati ya Bunge inayompiga msasa ikitumia muda mwingi kuuliza thamani ya mali ya mteuliwa, swali kuu hupotea: je, atathubutu kumwambia Rais kwamba jambo fulani linavunja sheria? Katiba inamwagiza atetee utawala wa sheria na maslahi ya umma. Wabunge wamwulize waziwazi, wadai mifano kutoka kazi yake, na wazisome kwa makini hati za kiapo za wananchi wanaompinga. Akishindwa kujibu, wamkatae bila kujali vyama vyao.