Kinachopandisha bei ya dawa ya presha Eastlands

Amlodipini ni miongoni mwa dawa zinazotumika sana nchini Kenya kuteremsha presha. Hulegeza mishipa ya damu ili moyo usukume damu bila kulemewa. Humezwa mara moja kwa siku, na kwa kawaida mgonjwa huendelea nayo maisha yake yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Kwa familia ya Kayole, Dandora au Korogocho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, inayotegemea kibarua, dawa hii ni gharama ya kila mwezi kama kodi ya nyumba. Mambo manne huamua ukubwa wake.

La kwanza ni jina lililo kwenye pakiti. Amlodipini ilibuniwa na kampuni ya Pfizer, ikauzwa kwa jina la Norvasc. Haki ya hataza ilipokwisha nchini Marekani mwaka 2007, kampuni nyingi, hasa za India, ziliingia sokoni na bei ikaporomoka. Kidonge chenye dawa ileile na kipimo kilekile, kilichosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, hutibu vilevile kwa bei ya chini zaidi. Lakini daktari akiandika jina la kibiashara peke yake, mgonjwa hudhani hana chaguo jingine.

La pili ni thamani ya shilingi. Dawa nyingi huagizwa kwa dola, na hata viwanda vya Baba Dogo na Eneo la Viwanda hutegemea malighafi ya India na China. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 kabla ya mwaka kwisha. Mwagizaji hununua kwa bei ya siku ile, na mzigo huo humfikia mnunuzi wa mwisho.

La tatu ni safari ya dawa hadi mtaani. Mwagizaji, muuzaji wa jumla na mwenye kemisti, kila mmoja huongeza faida yake, na kwa miaka mingi Kenya imeliachia soko lipange bei. Asiye na pesa za mwezi mzima hukatiwa vidonge vichache leo, vingine akipata kibarua. Nauli na muda hupotea kila anaporudi, na siku zisizo na kidonge hukaribisha kiharusi, ambacho matibabu yake huifilisi familia.

La nne, na lenye uzito kuliko yote, ni rafu za hospitali za umma. KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, hununua dawa kwa wingi, hivyo huzipata kwa bei nafuu. Tangu ugatuzi wa 2013, kaunti ndizo zinazoagiza na kulipa. Madeni yakirundikana, dawa huchelewa. Mgonjwa anayezikosa katika hospitali ya Mama Lucy Kibaki au kituo cha afya cha Makadara huelekezwa kwenye kemisti. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, haimfai mgonjwa huyo ikiwa rafu ni tupu.

Bei nafuu ya mtengenezaji peke yake haitoshi. Mwaka 2015 kampuni ya dawa ya Novartis ilianza kuuza Kenya dawa za magonjwa sugu kwa dola moja kwa mwezi kwa kila tiba. Utafiti uliofanywa katika kaunti nane na kuchapishwa 2019 ulikuta amlodipini imeongezeka vituoni, lakini haukuona ongezeko nyumbani kwa wagonjwa.

Kwa hiyo kaunti ya Nairobi inapaswa kulipa KEMSA kwa wakati, madaktari waandike jina la dawa yenyewe, na mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja. Hatua hizi hazihitaji uvumbuzi wowote wa kitabibu, na kila moja humpunguzia mgonjwa wa Eastlands gharama.