Jina la Kienyeji Pekee Halitoshi

Miongoni mwa wanafunzi wetu wako wanaodhani kwamba majina ya Kilatini ya mimea ni mzigo wa mitihani tu. Dhana hiyo ina hatari.

Tuchukue mfano wa mnavu. Jina hili moja hutumika kwa spishi kadhaa, zikiwamo Solanum scabrum na Solanum villosum. Majani yake ni mboga nzuri. Matunda yake mabichi yaweza kudhuru. Shambani humo humo huweza kuota mnanaha, Datura stramonium, mmea wa ukoo ule ule, ambao sehemu zake zote, hasa mbegu, zina atropini na skopolamini. Mnanaha uliokomaa hutambulikana kwa ua refu mfano wa tarumbeta na tunda lenye miiba. Hatari imo katika miche ambayo haijachanua, na katika mbegu zilizochanganyika na nafaka. Mwezi Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafa kwa kula uji wa unga wa msaada uliokuwa na sumu hizo. Kupikwa hakukuiondoa sumu.

Wako wasemao kuwa kiliwacho na mnyama chaweza kuliwa na mtu. Si kweli. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachoivunja atropini, binadamu hana. Hata hivyo, atropini hiyo hiyo, kwa kipimo cha daktari, humwokoa mkulima aliyedhuriwa na viuawadudu vya oganofosfeti. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mmea ni mbaya au mzuri. Yapasa kuuliza: ni spishi gani, sehemu ipi, kwa kiasi gani?

Sisemi elimu ya wazee wetu ipuuzwe. Nasema ihifadhiwe pamoja na mmea wenyewe, maana jina hubadilika toka kijiji hadi kijiji. Kila shule ya sekondari yaweza kukausha mimea kati ya magazeti makuukuu, pasipo kuionja, na kuandika mahali, tarehe, rangi ya ua, jina la kienyeji na matumizi. Nakala ya pili ipelekwe kwenye hebaria, kama zile za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, ili wataalamu wathibitishe spishi. Gharama yake ni ndogo. Faida yake ni kwamba ujuzi wa bibi hautakufa naye, wala hautamdhuru mjukuu aliyechuma mmea usio wenyewe.