MAMA, MUDA WAKO WA MBIO USIKUTIE UNYONGE (Sehemu ya 4)

Siku hizi kila wikiendi kuna marathon, na tukirudi nyumbani swali ni moja: umetumia dakika ngapi? Hapo ndipo mama anaanza kujisema, "Tangu nijifungue nimeisha kabisa."

Ni kweli, mbio zinaweza kukadiria nguvu ya moyo na mapafu. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alitoa njia rahisi: kimbia dakika 12 kadiri ya uwezo wako, halafu angalia umefika mita ngapi. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Ukizunguka uwanja wa mita 400 mara 5, hizo ni mita 2,000, unapata kama 33. Maana yake mwili wako unaweza kutumia takribani mililita 33 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wako, kila dakika. Wala huhitaji saa ya bei mbaya.

Ila hesabu ile ilitokana na wanaume wa jeshi, mama. Hawakuwa wananyonyesha, wala kuamshwa na mtoto saa nane usiku. Kwa hiyo mimi nasema usijipime na jirani wala na baba watoto. Jipime na wewe wa mwezi uliopita, njia ile ile, muda ule ule wa siku.

Faida yake kubwa iko hapa: oksijeni inabebwa na damu. Kama unafanya mazoezi vizuri lakini muda unazidi kuwa mbaya, ukipanda ngazi unahema, moyo unadunda, usijiite mvivu. Nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu. Unatibika, jamani! Kuna wanaovumilia miezi wakidhani ni uchovu wa ulezi tu.

Uliyejifungua juzi juzi, kipimo hiki bado. Anza kutembea taratibu. Mbio zisubiri angalau miezi 3, na uwe umeshaonwa kliniki, hasa kama ulifanyiwa upasuaji. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, simama, njoo hospitali.

Sehemu ya 5 tutaongea vyakula vya kuongeza damu. Mtumie na shoga yako anayekimbia.