Toleo Limetoka, Seva Yetu Bado

Wanachuo wenzangu, nani kati yetu hajawahi kusema "kwenye laptopu yangu inafanya kazi"? Mimi niliisema wiki sita mfululizo, na niliyekuwa namwambia hakuwa msimamizi wangu. Alikuwa mama ntilie.

Mwaka 2024 mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa mfumo wa kikoba. Akina mama wanaopika nje ya geti letu huweka hisa kila Jumamosi, na kumbukumbu zote zimo kwenye daftari moja la kaunta ambalo limeshamwagikiwa mchuzi si mara moja. Nikawaahidi kitu cha kwenye simu, ili kila mmoja aone hisa zake na deni lake. Nikajenga kwa Laravel 11, iliyokuwa mpya kabisa. Nikamega bumu, nikailipa kampuni moja ya kukodisha seva kwa mwaka mzima, nikapakia mafaili. Ukurasa ukagoma: inahitajika PHP 8.2 au zaidi. Nikafungua paneli, sehemu ya kuchagua toleo la PHP. Orodha iliishia 8.1.

Nikaiandikia kampuni. Wakajibu kwamba toleo jipya litawekwa "hivi karibuni". Wiki ya kwanza, hivi karibuni. Wiki ya nne, hivi karibuni. Kila nikienda kula, katibu wa kikoba ananiuliza. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hicho kitu chako kinasubiri nini?" Nikasema kinasubiri toleo. "Sasa hilo toleo linatoka lini?" Hapo nikakwama, maana lilishatoka. PHP 8.2 ilitolewa Desemba 2022!

Hoja yangu ni hii: kuna kusubiri kwenye sababu na kuna kusubiri kwa uzembe. Tusipojua kuvitofautisha, wanaoumia ni watu waliotuamini.

Tuanze na kwenye sababu. PHP hutoa toleo jipya karibu kila mwisho wa mwaka: 8.1 Novemba 2021, 8.2 Desemba 2022, 8.3 Novemba 2023. Lakini siku ya kutolewa siyo siku ya kufika kwenye seva yako. Watengenezaji wa paneli kama cPanel wanapaswa kulifungasha na kulijaribu, na viambatisho vyake vyote vijengwe upya kwa toleo hilo: cha kushughulikia picha, cha kuongea na hifadhidata, na vinginevyo. Kimoja kikichelewa, wanaokitegemea wote wanangoja. Mfano mzuri ni ionCube, inayotumika kufungua programu za PHP zilizofungwa ili msimbo wake usisomeke. Kwa PHP 8.0 iliyotoka Novemba 2020 hawakutoa kabisa; waliiruka, wakaja na ya 8.1. Mwenye programu ya namna hiyo asingeweza kwenda 8.0 hata angelia.

Kisha seva ya kushirikiana ni kama hosteli. Ukigusa bomba la chumba kimoja, unaweza kukata maji ghorofa nzima. Kwa hiyo kampuni ikisema "tupeni miezi kadhaa tujaribu", mimi naielewa.

Lakini kesi yangu haikuwa hiyo. Paneli ya cPanel ilikuwa inaikubali 8.2 tangu 2023. Tena siku hizi paneli hizo huweka matoleo kadhaa kwa pamoja, kila tovuti ikachagua lake. Kuongeza jipya hakumlazimishi mwenye la zamani kuhama. Kampuni iliyokaa mwaka na zaidi bila kuliweka haikuwa inajaribu kitu, ilikuwa imelala. Nami nililala nayo, nikijibu "hivi karibuni" kwa watu wenye hela zao mle.

Sasa tujiseme na sisi. Tunajenga kwa toleo la mwisho kabisa kwa sababu video ya mafunzo imesema hivyo, halafu tunatafuta seva wiki ya kuwasilisha. Hiyo ni kushona gauni kabla ya kumpima mvaaji. Laravel 10 inatosheka na PHP 8.1, na wakati ule ilikuwa bado inapewa marekebisho ya usalama. Kikoba hakikuhitaji chochote kilichomo kwenye 11 tu. Mwishowe nilirudisha mradi kwenye 10, kazi ya usiku mbili. Usiku mbili jamani, baada ya wiki sita za kulalamika!

Ila tusiende upande wa pili tukazama. Kuna wanaojivunia kwamba mfumo wao "haujaguswa" tangu PHP 7.4. Toleo hilo liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022. Tundu likigunduliwa leo, wenye PHP hawaliziba. Na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp bado zinazunguka noti zinazofundisha mysql_connect, kitu kilichoondolewa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015. Ukikariri hayo kwa ajili ya UE, utafaulu mtihani, lakini kazi yako haitawaka kwenye seva ya kisasa.

Wengine watasema: kodi seva yako mwenyewe, uweke toleo unalotaka. Sawa. Lakini mara nyingi bei yake ni ya dola, na ya kila mwezi. Halafu ukishahitimu ukarudi kwenu, nani atakayeilinda? Katibu wa kikoba? Kwa kazi ndogo, seva ya kushirikiana yenye paneli bado ni chaguo la busara, mradi mwenye nayo anafanya kazi yake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, uliza kampuni maswali matatu kwa maandishi. Toleo la juu mlilonalo leo ni lipi? La mwisho mliliongeza lini? Likitoka jipya, mnajipa muda gani? Wakijibu "hivi karibuni", funga mazungumzo. Ukishapata jibu, weka toleo hilohilo kwenye laptopu yako, na ulitaje kwenye mipangilio ya Composer ili isikuletee maktaba ambazo seva haitazikubali. Ni mstari mmoja tu.

Na serikali yetu ya wanafunzi ina kazi hapa. Tunadai maji, tunadai bumu liingie kwa wakati, na ni haki. Tudai pia kitengo cha TEHAMA kitupe seva moja ya miradi, yenye matoleo yote ya PHP yanayoendelea kutunzwa na tarehe za mabadiliko zibandikwe wazi. Wahadhiri nao watoe alama kwa mradi uliosimama mtandaoni, siyo uliofunguliwa kwenye laptopu ya mwanafunzi kwa dakika kumi.

Mfumo wa kikoba sasa unafanya kazi. Lakini daftari halijatupwa, katibu analihifadhi chini ya meza. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka: "Hili halisubiri toleo." Simlaumu. Imani yake niliipoteza kwa wiki sita, na kuirudisha kutachukua muda mrefu zaidi ya huo.